Waraka wa Wazi kwa Mkurugenzi wa TEHAMA: Namba Zetu Zilizomo Kwenye Logi Zenu

Kwa Mkurugenzi wa TEHAMA,
Kampuni yoyote inayoshika fedha, afya au kitambulisho cha Mtanzania kupitia simu yake,
Dar es Salaam.

YAH: KUZIBA TAARIFA ZA WATEJA KWENYE LOGI ZA MIFUMO

Ndugu Mkurugenzi,



Kwanza kabisa pokea pongezi zangu. Programu yenu ni nyepesi, inafunguka hata kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na watoa huduma wenu wanapokea simu kwa adabu. Cheti cha usalama wa taarifa kimetundikwa mapokezi kwenye fremu nzuri. Kanzidata yenu, nasikia, imefungwa barabara: anayetaka kuiangalia anajaza fomu, fomu inapita kwa watu watano, na wa tano yuko likizo.

Ninachoomba tukizungumze ni nakala ya pili ya kanzidata hiyo. Hakuna aliyeagiza itengenezwe, na kijana aliyeripoti juzi kwa mafunzo kwa vitendo alipewa ruhusa ya kuisoma kabla hajaoneshwa choo kilipo. Nakala hiyo ni logi.

Kwa kuwa waraka huu ni wa wazi, niruhusu nimweleze kidogo msomaji asiye wa fani yetu. Logi ni kumbukumbu ambayo programu inajiandikia yenyewe, mstari kwa mstari, kila inapofanya jambo: saa ngapi, ombi gani limeingia, limefika hatua gani, limekwama wapi. Bila logi, muamala ukipotea saa nane usiku, fundi hana pa kuanzia. Nazithamini sana, maana ndizo zinazonipa ugali: kampuni huniita mifumo ikigoma, nami kazi yangu ni kukaa na kuzisoma. Kwa hiyo ninayoyasema sikusimuliwa.

Huu ni mstari mmoja wa aina ninayokutana nayo mara kwa mara. Taarifa zenyewe nimezitoa, nimeacha nafasi zake tu:

KOSA usajili umeshindikana {jina: …, simu: …, nida: …, namba_ya_siri: …, picha: …} sababu: muda umekwisha

Mteja alikuwa anajisajili, mfumo ukakwama. Mhandisi, katika pilikapilika za wiki ya uzinduzi, alikuwa ameagiza kwamba usajili ukikwama basi fomu nzima imwagwe kwenye logi ili aone tatizo. Uzinduzi ukapita, keki ikakatwa, agizo likabaki. Kwenye zile nukta palikuwa na majina matatu, namba ya simu, tarakimu 20 za kitambulisho cha Taifa (namba ya NIDA), namba ya siri ambayo mteja alikuwa ameichagua dakika hiyohiyo, na picha ya uso wake iliyogeuzwa kuwa maelfu ya herufi zisizosomeka. Mwishoni kabisa ndipo yalipokaa maneno mawili ambayo fundi alikuwa anayatafuta: muda umekwisha. Mfumo wa upande wa pili, unaohakiki vitambulisho, haukujibu kwa wakati.

Sasa tazama mstari ambao ungetosha:

KOSA usajili hatua=3 ombi=8F2K mteja=t51c0 sababu=UHAKIKI_HAUKUJIBU muda=30012ms

Hapa fundi anajua usajili umekwama hatua ya tatu, anajua aliyekwamisha ni nani, anajua alisubiriwa sekunde 30, na ana namba ya ombi ya kufuatilia mkasa mzima kutoka mwanzo. Kwa kutatua tatizo, mstari huu wa pili ni bora kuliko wa kwanza. Wa kwanza una jambo moja tu la ziada: mtu mzima mzima, na uso wake.

Najua wahandisi wako watasema, kama wanavyoniambia na mimi, kwamba taarifa zote zinahitajika kwa ajili ya kutatua matatizo. Nawaheshimu, ni vijana hodari. Naomba tu wanitajie tatizo moja walilowahi kulitatua kwa kuijua namba ya siri ya mteja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ni kweli. Ila walikuwa wanamwambia mwenye uchi wake, si mtu aliyeachiwa uchi wa wenzake autunze.

Isitoshe, fomu iliyomwagwa makusudi ndiyo mlango ulio rahisi kuuona. Ipo milango mingine ambayo hakuna aliyeifungua kwa kutaka. Mteja anakosea kisanduku, anaandika nywila yake mahali pa jina la mtumiaji. Mfumo, kwa uaminifu mkubwa, unaandika kwenye logi kwamba mtumiaji huyo hayupo, na kumtaja kwa nywila yake. Dakika moja baadaye mtu huyohuyo anaingia kwa jina lake sahihi, na mistari miwili imeshafuatana. Au mhandisi anaweka tokeni ya kuingilia, yaani ufunguo wa mteja aliyekwisha kuingia, ndani ya anwani yenyewe ya ukurasa, na seva, ambayo kazi yake ni kuandika kila anwani iliyoombwa, inaiandika. Au, na hili ndilo linaloninyima usingizi, mfumo wa kutuma ujumbe mfupi unaandika kila SMS iliyotoka pamoja na namba ya aliyetumiwa na maneno yote ya ujumbe. Miongoni mwa jumbe hizo zimo zile za namba ya uthibitisho ya mara moja, ambayo mnatuonya kwa herufi kubwa tusimpe mtu yeyote, hata mfanyakazi wenu. Sisi tunatii. Mfanyakazi wenu hana haja ya kutuomba. Anaisoma kwenye logi inapopita.

Kisha logi haikai ilipoandikwa. Inatoka kwenye seva, inapanda kwenye huduma ya logi iliyo kwenye wingu, inanakiliwa kwenye ghala la kumbukumbu za zamani, inapelekwa kwenye mfumo wa usalama, inapelekwa tena kwa kampuni ya nje inayowachorea dashibodi, kisha mtu anapiga picha ya skrini na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp la mafundi, lenye watu walioacha kazi mwaka juzi. Huduma ya logi ya Amazon, CloudWatch, msipoigusa mipangilio yake hutunza logi bila kikomo, na hutoza kwa kila gigabaiti inayoingia. Maana yake mnalipa, tena kwa dola, ili picha za nyuso zetu zikae milele mahali ambapo hakuna anayezihitaji. Na vituo vyenyewe vya data viko mbali: kilicho karibu nasi cha kampuni hiyo kiko Cape Town, tangu 2020, na wengine bado wanatumia cha Ireland. Mama ntilie wa Kahama hajawahi kufika Cape Town. Namba yake ya siri imeshafika.

Msidhani ninawaonea kwa kuwa ni wa hapa nyumbani. Wakubwa wa dunia waliteleza palepale. Tarehe 3 Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, takriban milioni 330, wafikirie kubadili nywila. Kanzidata yao ilikuwa salama. Nywila zilikuwa zinavurugwa kwa hesabu iitwayo bcrypt, kama vitabu vinavyoelekeza. Kasoro ni kwamba zilikuwa zinaandikwa kwenye logi ya ndani kabla ya kazi hiyo kukamilika. GitHub walikuwa wametangaza jambo la aina hiyohiyo wiki hiyohiyo, kwa watumiaji wachache. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, mwandishi wa habari za usalama Brian Krebs alifichua kwamba Facebook walikuwa na mamia ya mamilioni ya nywila zinazosomeka waziwazi kwenye mifumo yao ya ndani, nyingine tangu 2012, na kwamba wafanyakazi zaidi ya 20,000 wangeweza kuzitafuta wakitaka. Septemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza kampuni hiyo, ambayo sasa inaitwa Meta, yuro milioni 91.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo magazeti yetu yalilipita haraka. Facebook wenyewe walisema walioguswa wengi walikuwa watumiaji wa Facebook Lite, ile programu nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye mtandao wa kusuasua. Ndio sisi. Habari tuliyoisoma kama ya Wazungu ilikuwa inatuhusu kuliko ilivyomhusu mtu wa London.

Utaniambia kwamba ninyi mnaziba tayari. Naamini. Niliyoyaona yakiitwa kuziba ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kampuni moja, ambayo sitaitaja, iliniita kukagua logi zake na kunihakikishia kwa fahari kwamba namba za kitambulisho zimezibwa. Nikafungua. Kwa kuiga kadi za benki, walikuwa wameacha tarakimu nane na kuweka nyota 12. Tatizo ni kwamba waliacha nane za mwanzo, na kwenye namba ya NIDA tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Nikapiga simu kituo chao cha huduma kwa wateja, nikajifanya nimesahau namba ya siri. Swali la kwanza la kunihakiki lilikuwa tarehe yangu ya kuzaliwa.

Kampuni nyingine hazitumii nyota, zinahashi: zinaipitisha namba ya simu kwenye hesabu inayotoa mfuatano wa herufi, na kwa kuwa hesabu hiyo hairudi nyuma, wanasema namba imefichika. Hairudi nyuma, lakini mtu anaweza kwenda mbele. Ukiondoa 255, namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu tisa na huanza na 6 au 7. Zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kompyuta mpakato ya kawaida inazihashi zote kwa dakika chache, kisha unalinganisha tu. Jiji la New York lilijifunza hilo mwaka 2014, lilipotoa kumbukumbu za safari milioni 173 za teksi huku namba za magari na za leseni za madereva zikiwa zimehashiwa. Mhandisi Vijay Pandurangan akazifumbua kwa kazi ya saa chache, kwa sababu namba zilizowezekana zilikuwa chache mno. Kama lazima mteja afuatiliwe kwenye logi, apewe alama ya nasibu isiyotokana na namba yake, au hashi ichanganywe na ufunguo wa siri unaotunzwa mbali na logi.

Njia ya tatu, na ndiyo inayopendwa zaidi kwenye vikao kwa kuwa inanunulika, ni kuuwekea wingu lenyewe kichujio. Amazon waliongeza huduma hiyo kwenye CloudWatch mwishoni mwa 2022. Ni nzuri, na nawashauri muiwashe. Ila mjue inachofanya. Inaziba kuanzia siku mlipoiwasha. Ya nyuma yanabaki yalivyokuwa. Hata yaliyozibwa, mwenye ruhusa maalumu ya kuondoa kizibo huyaona yote, kwa hiyo swali linageuka kuwa ni wangapi wenye ruhusa hiyo. Na inaziba inachokitambua. Orodha yake ya tayari inazijua namba za simu za Marekani, Uingereza, Brazili na Ujerumani. Ya Mwananyamala haiijui mpaka mtu wenu aiandikie kanuni yake, na akiiandika akumbuke kwamba namba ya NIDA kuna wanaoiandika na vistari na kuna wanaoiandika bila vistari.

Ndiyo maana nasema, na hili ndilo kusudi la waraka huu: taarifa ya mteja izibwe ndani ya programu, kabla haijafika kwenye logi, kwa sababu ikishatoka hapo hamna tena idadi ya nakala zake. Vinavyofuata baadaye, kichujio, nyota za dashibodi, ruhusa, vyote ni vya kumkamata aliyeponyoka. Visiwe ndiyo kazi yenyewe.

Nagusia sheria kwa ufupi, kwa kuwa najua ofisi yako ina mwanasheria mzuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Taarifa binafsi ni taarifa binafsi, iwe kwenye kanzidata, kwenye faili la karatasi au kwenye logi ya wingu lililoko nchi nyingine, na kuhusu kuzipeleka nje ya nchi sheria ina masharti yake. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2019, wanatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu wajue kwamba taarifa zimevuja. Jiulize, zikivuja logi zenu leo, saa 72 zitawatosha hata kujua kilichokuwemo? Wanaopokea kadi za benki nao wamefungwa na kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS: zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi haziruhusiwi kutunzwa baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikiwa zimesimbwa. Logi ya zamani iliyozibeba haijasamehewa kwa sababu hakuna aliyekusudia.

Kwa mteja, mambo haya hayana sura ya sheria. Yana sura ya simu inayoingia saa kumi jioni. Anayepiga anakutaja majina matatu, anakutajia muamala wako wa mwisho, anakusomea namba yako ya kitambulisho, kisha anakuomba jambo dogo tu. Watanzania tumeshajifunza kucheka ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu anayejua mpaka tarehe yako ya kuzaliwa hachekeshi. Sisemi ameyatoa kwenu. Nasema tu kwamba mkiulizwa kama hakuyatoa kwenu, leo hamna jibu.

Kwa hiyo naleta maombi yangu, na nimejitahidi yawe ya kutekelezeka bila kununua kitu.

Moja: muache kuandika orodha ya vilivyokatazwa, andikeni orodha ya vinavyoruhusiwa. Namba ya ombi, saa, hatua, sababu, muda uliotumika. Kisichokuwemo kwenye orodha kisiingie kwenye logi. Orodha ya makatazo hushindwa siku mhandisi mpya anapokiita kisanduku kwa jina jipya. Ya ruhusa hukosea kwa kuficha zaidi, na hilo tutalivumilia.

Mbili: namba ya siri, nywila, tokeni na namba ya kitambulisho zipewe aina yake maalumu ndani ya programu, ambayo mtu akijaribu kuiandika popote hutoa nyota. Iwe kazi kuzifichua, isiwe kazi kuzificha.

Tatu: kwenye majaribio, msajilini mteja wa kubuni mwenye jina, simu na namba ya siri zisizofanana na za mtu yeyote. Mpitisheni kila njia, zikiwemo njia za makosa, kisha mzitafute taarifa zake kwenye logi zote. Zikionekana hata mara moja, toleo hilo lisitoke. Ni kazi ya mchana mmoja kuitengeneza, na tangu hapo inajifanya yenyewe kila mnapotoa toleo.

Nne: logi ziwe na tarehe ya kufa. Uamuzi wa siku ngapi ni wenu. Neno "milele" ndilo ninaloomba lifutwe.

Tano: mnipe, au mjipe wenyewe, idadi ya watu wanaoweza kusoma logi za mfumo unaotumika na wateja, wakiwemo wa kampuni za nje na waliokwisha kuacha kazi. Idadi tu. Majina mtayatafuta wenyewe mkishashtuka.

Sita, na hili ni gumu: mkikuta kwamba namba zetu za siri zilishaandikwa huko, mfute, mtulazimishe tuzibadili, na mtuambie kwa nini. Twitter walituambia, na dunia haikuanguka. Msituambie kwamba mnafanya "maboresho ya kawaida ya mfumo" usiku wa Jumamosi. Maboresho hayo tumeshayazoea.

Nimalizie kwa kukiri kwamba bajeti ni finyu, wahandisi ni wachache, na bodi inauliza idadi ya wateja wapya kuliko inavyouliza logi. Nayaelewa hayo yote. Lakini kati ya maombi sita niliyoleta hakuna linaloomba fedha za bodi. Yote yanaomba mtu mwenye cheo aseme kwamba kazi hii ina mwenyewe. Mhandisi wa miaka 24 anayekimbizana na tarehe ya uzinduzi hawezi kuamua peke yake kilicho haki kuandikwa kuhusu mteja; akiachiwa, ataandika vyote, na hatakuwa na kosa. Mwenye uamuzi huo ni wewe.



Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mteja wenu, msoma logi.

Nakala:
Mwanasheria wa kampuni: najua utausoma kabla ya mhusika.
Mkaguzi wa ndani: anza na ombi la tano.
Kijana wa mafunzo kwa vitendo: huna kosa lolote, ila umwambie msimamizi wako kwamba unaweza kuona.
Kitengo cha Mawasiliano: kwa taarifa tu. Tafadhali msitoe tamko kwamba suala hili linafanyiwa kazi. Mwachieni Mkurugenzi alifanyie kazi.